Mashindano ya shule za wavulana za Kikatoliki Nyanda za Juu Kusini: bonanza, ligi au kituo kimoja?

Mwalimu_Kihesa

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene wote.

Nasimamia michezo kwenye shule ya wavulana ya Kikatoliki mkoani Iringa. Tuko shule sita, seminari mbili zikiwemo, na tumekubaliana kuanzisha mashindano yetu wenyewe mwakani: soka, kikapu, wavu na riadha. Shule zimesambaa Iringa, Mafinga, Njombe na Mbeya. Magombera (wakuu wa seminari) na wakuu wa shule wanataka tuwapelekee pendekezo moja tu. Njia zilizopo ni bonanza la siku moja (watu wanaamka alfajiri, wanacheza, jioni wanarudi), ligi ya nyumbani na ugenini, au kituo kimoja kwa siku nne, wote wakilala kwa mwenyeji.

UMISSETA, yale mashindano ya taifa ya shule za sekondari, tutaendelea kushiriki, hilo halina mjadala. Lakini kule kijana anachujwa kutoka shule hadi wilaya, kisha mkoa, na anayepita anavaa jezi ya kombaini, si ya shule yake. Shule yenye wavulana 400 inaweza kufikisha wawili mkoani, wengine wote wakabaki kushangilia. Nataka mashindano ambayo hata yule wa kidato cha kwanza ambaye si nyota atavaa jezi ya shule na kuingia uwanjani. Kwa kipimo hicho ipi bora? Mimi naegemea kituo kimoja.

Mwanjelwa_Kikapu

Ligi, mwalimu. Kwenye bonanza mechi ni ya dakika 15 kila kipindi. Kijana anafungwa, anapanda gari, yamekwisha. Kwenye ligi unafungwa Jumamosi, unarudi mazoezini, na baada ya wiki kadhaa unakutana na wale wale kwenye uwanja wako. Hapo ndipo kijana anajifunza kurekebisha makosa. Na shule nzima inaona timu yake kwa macho badala ya kusimuliwa.

Melbourne, Australia, shule za wavulana za Kikatoliki zina umoja wao, Associated Catholic Colleges. Wanacheza kwa msimu, shule kwa shule, na kwenye riadha wamepangwa kwa madaraja ili wanaolingana nguvu wakutane. Sisi tunashindwa nini?

Kipenga_Makambako

Tunashindwa na barabara, kaka. Wale wako karibu wote kwenye jiji moja na vitongoji vyake.

Piga hesabu. Timu sita, nyumbani na ugenini, ni mechi 30. Kila timu inacheza 10, na tano kati ya hizo ni safari. Iringa hadi Mbeya ni kilometa kama 330, na barabara ile ile ndiyo ya malori ya Tunduma usiku na mchana. Coaster moja ukipakia timu ya soka, akiba, mwalimu na mipira, imejaa. Wa kikapu na wavu waende na nini? Kwa hiyo ligi ya michezo minne itageuka ligi ya soka, na ligi ya soka itachezwa na wale wale 18 kila wiki. Kipimo cha mwalimu hapo juu kinafia hapo.

Halafu kuna mvua. Huku kwetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, yaani karibu muhula wote wa kwanza. Nimechezesha mechi za shule Machi kwenye viwanja vya udongo, mpira ukipigwa unakwama pale pale kwenye dimbwi. Ukingoja ukavu, unakuta kidato cha pili na cha nne wanakimbizana na mock, na Novemba wana mtihani wa taifa. Ligi haina pa kuingia.

Mzazi_Njombe

Walimu wangu, shikamooni. Mimi ni mama wa mvulana wa kidato cha pili. Bonanza ndilo mnaloliona rahisi, na kwa mchango ni kweli, maana halina gharama ya malazi. Lakini ndilo linalonitisha kuliko yote. Watoto watoke Mbeya saa kumi usiku, wateremke mteremko wa Inyala gizani, wafike Njombe kwenye ukungu, wacheze kutwa, kisha dereva yule yule aliyeamka nao awarudishe usiku! Afadhali nichangie unga, maharage na nauli, walale, warudi mchana.

Mwalimu_Kihesa

Marahaba, mama. Hilo la dereva naliandika kama lilivyo. Pendekezo letu litasema hakuna gari kutembea kabla ya jua kuchomoza wala baada ya magharibi. Kwa sharti hilo bonanza la mikoa mitatu linajiondoa lenyewe, kwa sababu siku haitoshi.

Padre_Mlezi

Milele amina. Mimi ni mlezi seminarini, kwa hiyo nitasema kuhusu vitanda na sufuria, kwa kuwa kituo kimoja hufa hapo.

Shule sita zikileta vijana 40 kila moja ni 240. Mwenyeji ana wa kwake, kwa hiyo wageni ni 200. Hakuna shule yetu yenye vitanda 200 visivyo na watu katikati ya muhula. Dirisha lipo moja tu. Kidato cha sita wanamaliza mtihani wao Mei, na kidato cha tano wapya wanaripoti karibu na Julai. Katikati hapo, likizo ya Juni inapofika, hata wa madarasa ya chini wanakwenda nyumbani. Wanabaki kidato cha nne kwenye kambi ya masomo. Juni kuna ukavu, viwanja ni vizuri, na shule ambayo somo wake ni mmoja wa Mashahidi wa Uganda inaweza kuanza na Misa ya sikukuu Juni 3, michezo ikafuata.

Chakula kisitutishe. Mashamba tunayo, mahindi na maharage kila shule ije na gunia lake. Ila zile shule zetu ambazo si seminari zina wanafunzi Waislamu pia, na wako kwenye timu. Mchinjaji awe Mwislamu tangu siku ya kwanza, asitafutwe siku ya nyama.

Kipenga_Makambako

Padre, Juni ndio UMISSETA. Nyota wote watakuwa kambini na kombaini zao.

Padre_Mlezi

Najua, na naona ni heri. Mwalimu ameuliza kuhusu wale 398 waliobaki. Wakiondoka wale wawili wenye majina, jezi zao zinapata watu wengine. Hakuna wakati mwingine katika mwaka ambapo kijana wa tatu kwa ubora anakuwa kapteni wa shule yake.

Mwanjelwa_Kikapu

Hapo sikubaliani nawe, Padre, kwa heshima zote. Mdogo anakua kwa kucheza na mkubwa. Ukiondoa nyota unaondoa na kioo cha wale wengine. Tena watakaorudi toka UMISSETA watasema kombe la shule zetu ni la waliokosa nafasi.

Mwalimu_Kihesa

Watasema hivyo kama tutahesabu soka la wakubwa peke yake. Nimefikiria kanuni hizi, mnisahihishe.

Kila mchezo uwe na timu mbili, kidato cha kwanza na cha pili, kisha cha tatu na cha nne, na pointi za wadogo zilingane na za wakubwa kwenye kombe la jumla. Shule haitachukua kombe kwa kuwa na wakubwa hodari tu.

Soka la wadogo, aliyetolewa aruhusiwe kurudi uwanjani. Sheria za soka zinaruhusu hilo kwa mashindano ya vijana, pamoja na kufupisha vipindi. Kila aliyeandikwa kwenye orodha acheze angalau nusu ya mechi. Asipocheza, timu inapoteza pointi.

Na mbio za nyika ziwe mchezo mkuu, si kiburudisho cha asubuhi. Vilima tunavyo, hakuna kununua kifaa. Tunajumlisha nafasi za wakimbiaji sita wa kwanza wa kila shule, yenye jumla ndogo inashinda. Kwa hesabu hiyo kijana anayemaliza wa 31 akimpita wa 32 ameiokolea shule pointi, na anajua. Nyota mmoja hawezi kuibeba shule peke yake.

Kipenga_Makambako

Hiyo ya nyika imenishika. Kwa soka, timu sita fanya makundi mawili ya timu tatu tatu. Mechi sita za makundi, nusu fainali mbili, fainali moja, jumla tisa. Kwa rika mbili ni 18, siku nne zinatosha ukiwa na viwanja viwili. Waamuzi wasitoke kwenye shule zinazoshiriki.

Na mamluki! Msiache hili kwa uaminifu. Kuna mwaka nimeona timu ya "kidato cha pili" ina watu wenye ndevu. Orodha iletwe wiki mbili kabla, na picha na namba ya prems (ya usajili wa mwanafunzi) ya kila mchezaji, na ikaguliwe na walimu wa shule nyingine.

Mahali, nasema Makambako au jirani yake. Njombe ni kilometa kama 60, Iringa kama 160, Mbeya kama 170. Hakuna atakayelalamika kwamba amebebeshwa safari yote.

Mzazi_Njombe

Waambieni watoto wa Mbeya mjini waje na blanketi mbili na sweta. Juni huku si mchezo, na mtoto aliyekesha akitetemeka hakimbii nyika asubuhi.

Mwanjelwa_Kikapu

Basi nakubali kituo, kwa sharti moja. Kikapu na wavu vya kidato cha kwanza na cha pili viwe na ligi ndogo kabla ya Juni, Mbeya kwa Mbeya, Iringa kwa Iringa, shule zinazofikika kwa nusu saa. Uwanja wa kikapu wa saruji haujui matope. Vijana wafike kituoni wakiwa wameshacheza mechi za kweli. Upande wa Mbeya mimi nitapanga ratiba bila malipo.

Mwalimu_Kihesa

Nimelipokea, linaingia kwenye pendekezo. Ratiba yako nitaihitaji kabla wakuu hawajakutana. Padre, naomba unisaidie orodha ya vyombo vya jikoni kwa watu 240.