Naomba ushauri: mdogo wangu ana wasiwasi, shangazi katuma dawa ya mitishamba

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu wa kike anasumbuliwa na wasiwasi. Usiku moyo unamwenda mbio, viganja vinaloa jasho, usingizi hauji hadi adhana ya alfajiri. Hospitali wamemwanzishia sertraline, dawa ya wasiwasi na sonona. Sasa shangazi yetu aliyeko Ujerumani katuma vidonge vya mmea uitwao St John's wort, maana huko vinauzwa famasi. Hapo ndipo ninapogoma. Mmea huo ukichanganywa na sertraline, serotonini (kemikali ya mwili inayohusika na hisia) inaweza kuzidi mwilini, na hiyo ni hatari kweli. Tena hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV. Nimeviweka kabatini kwanza.

Kinachompa nafuu kidogo ni pumzi: anavuta kwa pua akihesabu hadi 4, anatoa taratibu hadi 6, mkono juu ya tumbo. Na chai ya mchaichai, ingawa nadhani kinachomtuliza zaidi ni kule kukaa barazani na mama.

Naombeni mwenye uzoefu wa masaji, yoga au tiba ya mazungumzo huku anatumia dawa kama hii anieleze. Na shangazi tumwambieje asivunjike moyo? Matibabu yote haya analipia yeye.