Betri ya kipakatalishi na umeme wa sola: hesabu ifanywe vipi?

Mkaazi wa Langoni
Assalaam aleikum. Natarajia kuhamia Kizingitini kikazi, na nyumba nitakayokaa hutumia sola yenye betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100. Betri ya kipakatalishi changu imeandikwa volti 11.4 na miliampea-saa 5,000, nayo chaja yake ni ya wati 65. Je, naweza kukichaji mara ngapi bila kuiua betri ya nyumba? Na chaja ya simu ya wati 20, ambayo tundu lake ni lile lile la USB-C, yaweza kunitosha?

Fundi wa Mkomani
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usilinganishe miliampea-saa za betri zenye volti tofauti, maana zitakupoteza. Wauzaji wa pawabenki huzipenda kwa kuwa huonekana nyingi. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: miliampea-saa 5,000 ni ampea-saa 5, basi 11.4 mara 5 ni 57, na hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho betri yako hubeba, ilhali wati 65 za chaja ni kasi ya juu ya kuutoa. Betri ya nyumba ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ikizoeshwa kushuka chini ya nusu hufa mapema, basi hesabu 600. Ukitoa robo kwa ajili ya upotevu wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi za nyumbani) na chaja, utabaki na 450, ambazo ukizigawa kwa 57 ni karibu mara nane, ikiwa kipakatalishi kimezimwa na hakuna taa wala feni inayokula humo humo.

Bi. Shela
Naongeza kuhusu chaja ya simu. Kupitia USB-C, chaja na kifaa huafikiana kwanza juu ya volti na ampea, na vipakatalishi kadhaa hukataa kabisa chaja ndogo. Kinachoikubali, kikiwa kazini kinatumia wati 15 au zaidi, asilimia ya betri hupanda kwa shida. Uangalie na waya pia: wa ampea 3 hauvuki wati 60 kwa volti 20, kwa hivyo wati 65 zahitaji waya wa ampea 5.

Fundi wa Mkomani
Kweli, Bi. Shela. Tena ukipata chaja ya gari ya USB-C yenye wati za kutosha, ndugu, ichomeke kwenye volti 12 moja kwa moja bila inveta, na uchaji adhuhuri, paneli zinapozalisha kwa wingi.