Naombeni ushauri: IP inabadilika kila luku ikiisha, kanuni za faiwoli zimejaa

Mpangaji_Ilazo
Wakuu habari za jioni. Nimekwama, na usingizi sipati.

Nina seva ya Amazon, ile ya Cape Town, ndani kuna databesi ya PostgreSQL. Poti 5432, yaani mlango wa databesi, kwenye faiwoli nimeiruhusu kwa anwani yangu (IP) ya nyumbani, hapa Ilazo, Dodoma. Shida ni kwamba anwani haitulii. Tuko wapangaji watano kwenye luku moja, na kuna mmoja pasi yake haipoi. Yuniti zikiisha ruta inazima, ikiwaka inakuja na anwani nyingine. Nikaandika skripti: kila dakika 5 inafungua ukurasa wa ruta, inasoma anwani, ikikuta mpya inaiongeza kwenye faiwoli. Tangu mwezi wa pili mambo safi kabisa. Juzi ikagoma. Kanuni zimefika 60, haziongezeki tena.

Swali langu ni moja tu: nafutaje zile za zamani kiotomatiki bila kujifungia nje? Nawasilisha.

NimekaaPale
Siti ya mbele hii. Waje wajuzi.

MamaWawili
Mdogo wangu, hapo tatizo si faiwoli, ni luku. Mimi nilikuwa na wapangaji sita Nkuhungu, kila siku kesi. Huyu anasema yeye ana taa moja tu, yule anasema jokofu lake halili umeme. Siku moja nikaamka usiku kwenda uani, nikasikia harufu ya nguo zinazopigwa pasi. Kumbe kijana wa chumba cha mwisho ana tenda ya kunyoosha sare za shule ya jirani, mashati yamepangwa kitandani mpaka dirishani! Nikafunga sabmita kila chumba. Tangu siku hiyo nalala. Mwambie mwenye nyumba wako afunge sabmita.

Mpangaji_Ilazo
Asante dada, ila mwenye nyumba yuko Singida na simu hapokei.

FundiPoti
Mkuu, kosa lako ni kuongeza bila kufuta. 60 ndiyo kikomo cha kawaida cha kanuni za kuingia kwa kundi moja la ulinzi (security group), ndiyo hiyo faiwoli yako ya Amazon. Sasa kila kanuni ina namba yake, inaanza na sgr-. Weka kanuni moja tu, namba yake iandike ndani ya skripti, kisha anwani ikibadilika usiongeze mpya, ibadilishe ile ile. Anwani ya mwisho ihifadhi kwenye faili, skripti ilinganishe kwanza. Ikiwa haijabadilika itoke kimya kimya. Halafu ufunguo unaotumiwa na skripti uwe na ruhusa ya kugusa kundi hilo tu, basi. Unatumia ufunguo gani sasa hivi? Na tupia kanuni yako ya mwisho tuione.

Mpangaji_Ilazo
Ufunguo ni ule mkuu wa akaunti, ila laptopu hii siazimishi mtu. Kanuni ya mwisho ni 100.72.15.x/32, nimeficha mwisho kwa usalama.

MkataTiketi
Nilivyoona sgr- nikajua uzi wa treni umehamia huku. Mimi tangu 2024 basi la Dar nimelisahau. Unapanda hapa, unasinzia, ukishtuka uko Morogoro, hata korosho za dirishani hujanunua. Hapo ndipo penye hasara.

Mzee_wa_Mtumba
Vijana mnapenda njia za mkato. Ufunguo mkuu wa akaunti kwenye laptopu ya chumba cha kupanga? Kabla hujafundishwa kufuta kanuni, hiyo databesi ni ya nani? Maana umeandika "nina seva" kama mtu mwenye baiskeli.

Mpangaji_Ilazo
Ni mradi wangu mdogo tu mzee.

Mzee_wa_Mtumba
Mradi mdogo haumkoseshi mtu usingizi. Sema.

Mpangaji_Ilazo
Sawa. Ni ya chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, sitakitaja. Karani wa mizani anaingiza kilo kwa simu, mimi jioni navuta orodha ya malipo. Kuna majina, namba za simu na akaunti za benki za wanachama. Lakini karani anapita kwenye tovuti, hiyo haina shida. Poti 5432 ni yangu mimi. Na hayo hayahusiani na swali langu, ndiyo maana sikuyaweka.

Mzee_wa_Mtumba
Hayahusiani! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Wewe ni kijana wa kibarua na umekalia akaunti za benki za wazee wa watu waliokuamini kwa sababu unajua kompyuta.

Kahawa_Chungu
Nimesoma uzi mzima, hii ni CHAI. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Mleta uzi anasema anwani yake ni 100.72 na kitu. Kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 ni anwani zilizotengwa 2012 kwa ajili ya watoa huduma, wanazigawa ndani kwa ndani kwa wateja wao. Ikitoka nje inabadilishwa, mnakuwa wateja kibao nyuma ya anwani moja ya nje. Seva ya Cape Town haiwezi kuiona 100.72 hata siku moja. Yaani kila kanuni uliyoandika hivyo ni sawa na kumwambia mlinzi amruhusu mtu kwa jina la utani ambalo anaitwa na mama yake tu. Halafu unatuambia imefanya kazi tangu mwezi wa pili? Umejiunga leo, uzi ndio huo mmoja. Mwanafunzi wewe, unatafutiwa mradi wa mwaka wa mwisho.

NimekaaPale
Duh. Naongeza siti.

MkataTiketi
Nilishangaa pia. Mpangaji gani ana seva Cape Town na luku ya kuchangia?

MamaWawili
Mwacheni mtoto wa watu. Pasi hiyo naijua mimi, haitungiki.

Mpangaji_Ilazo
Sijaja hapa kutukanwa. Nimeunganisha kila jioni, orodha nimetuma kila Ijumaa, watu wamelipwa. Ingekuwa haifanyi kazi wangelipwaje?

FundiPoti
Kahawa ana hoja, na mimi ilinipita. Skripti haitakiwi kuuliza ruta, inatakiwa iulize mtu wa nje anamwonaje, checkip.amazonaws.com inakurudishia anwani yako tupu. Lakini mimi siamini kuwa ni chai. Nadhani anaingia kweli, ila si kwa mlango anaodhani. Mkuu, tupia orodha nzima ya kanuni, kuanzia ya kwanza. Usiruke hata moja.

*(Dakika 40 bila jibu. NimekaaPale ameandika "tupo" mara tatu.)*

Mpangaji_Ilazo
59 zote ni za 100 na kitu. Ya kwanza kabisa ni hii:

5432 | 0.0.0.0/0 | harusi kondoa - FUTA KESHO

Kahawa_Chungu
Nafuta neno chai. Hii ni maji ya moto.

FundiPoti
Ndiyo hiyo sasa. Hili kundi halina kanuni ya kukataza, zote ni za kuruhusu. Ukiwa na moja inayoruhusu dunia nzima, hizo 59 ni mapambo. Skripti yako haijawahi kumfungulia mtu mlango. Umekuwa ukipita kwenye geti lililo wazi huku unahesabu funguo mfukoni. Ya lini hiyo?

Mpangaji_Ilazo
Mwezi wa kwanza. Nilikuwa Kondoa kwenye harusi ya shemeji, mwenyekiti akapiga anataka orodha saa hiyo hiyo. Nikafungua kwa simu, nimesimama nyuma ya jiko la pilau, nikaandika futa kesho. Nilijua ipo. Skripti niliiandika ili niweze kuifuta, halafu nikaona mambo yanaenda. Na nenosiri lina herufi 22, si la kubahatisha. Nilipanga msimu ukiisha nifunge kila kitu.

Mzee_wa_Mtumba
Msimu ukiisha. Wezi wanangoja mavuno yako yaishe.

FundiPoti
Mzee, tumalizane naye kwanza. Mkuu fungua logi, lile daftari la databesi la wanaojaribu kuingia, utuambie.

Mpangaji_Ilazo
Nimeifungua. Kuna mistari mingi sana ya kukataliwa nenosiri, majina ni "postgres", "admin", "root". Nyingine saa nane za usiku, tano ndani ya sekunde moja. Lakini zote zimekataliwa, hakuna aliyeingia. Alhamdulillah.

Kahawa_Chungu
Usishukuru mapema. PostgreSQL kwa kawaida inaandika aliyekataliwa tu, aliyefanikiwa haimwandiki mpaka uwashe log_connections. Ukimya huo haukuambii kitu.

Mpangaji_Ilazo
Nimewasha. Nimengoja robo saa. Ameingia mtu, anwani siyo yangu.

NimekaaPale
MUNGU WANGU

MkataTiketi
Chomoa seva! Chomoa!

Mpangaji_Ilazo
Tulieni. Huyo namjua. Ni mhasibu, yuko kwake Area D, anavuta moja kwa moja kwenye Excel. Nilimpa nenosiri mwezi wa tatu. Ni mama mtu mzima, kumwambia kila siku anitumie anwani yake niliona namsumbua. Ndiyo sababu ile kanuni sikuifuta, sikutaka kuanza na hilo.

MamaWawili
Kumbe.

FundiPoti
Tungeanza na hilo tungekuwa tumeshalala. Basi sahau kufukuza anwani, maana hata ukiweka ile ya nje, unawaruhusu wateja wote mnaogawana nao. Weka WireGuard kwenye seva, ni VPN, yaani handaki la siri kati ya kompyuta yako na seva. Poti 51820 ya UDP iache wazi kwa dunia, haina neno, kwa sababu asiye na ufunguo hajibiwi kitu, ni kama anagonga ukuta. Inakutambua kwa ufunguo, siyo kwa anwani, kwa hiyo luku iishe mara mia, ruta ikiwaka unaendelea. Upande wako weka PersistentKeepalive 25, igonge seva kila sekunde 25 njia isifungwe, kwa sababu ya hiyo 100.72. Databesi isikilize anwani ya ndani ya handaki peke yake. Wewe ufunguo wako, mama ufunguo wake, msiazimane. Badilisha nenosiri leo. Ule ufunguo mkuu wa akaunti ufute kabisa. Kanuni zote 60 toa, anza na ya harusi.

Mpangaji_Ilazo
Ya harusi nimeitoa sasa hivi.

Mpangaji_Ilazo
Mhasibu anapiga. Amekatwa katikati ya malipo.

FundiPoti
Pokea. Muulize anatumia Windows ipi.

Mpangaji_Ilazo
Simu ya tatu hii. Nitamwambia nini, kwamba mlango ulikuwa wazi tangu mwezi wa kwanza?

Mzee_wa_Mtumba
Ndiyo. Na kesho asubuhi mwambie mwenyekiti.

Mpangaji_Ilazo
Mzee, mwenyekiti ndiye baba wa bwana harusi.

Kahawa_Chungu
Jamani hii chai imerudi au?

Mpangaji_Ilazo
Naandika kwa bando. Yuniti zimeisha.

MamaWawili
Nilisema mimi.