Laptopu inayokata waifai: tupeane uzoefu, wewe ilikuumbua wapi?

Mkazi wa Sakina
Wakuu, ofisini kwetu kuna kijana wa mafunzo amekaa kona na laptopu yake, kila baada ya dakika kumi anainuka kwenda kuzima ruta. Simu zetu zote zinashika, yeye peke yake anahangaika. Nikakumbuka yangu: ikilala kidogo tu, ikiamka waifai haipo mpaka uzime uwashe. Kumbe Windows ilikuwa inaizima kadi ya waifai ili kutunza chaji. Niliingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya laptopu ndani ya Windows, kwenye kadi yenyewe, nikatoa tiki ya ruhusa hiyo. Imetulia hadi leo. Mliopitia haya, karibuni.

Binti wa Njiro
Umenitonesha kidonda. Mimi nauza safari za mlimani na mbugani. Mwaka juzi Julai, msimu umechanganya, nina kikundi cha Wajerumani 8 wanaotaka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7, kisha washuke Ngorongoro. Mkutano wa video saa 3 usiku. Nimejipanga, hesabu nimeipiga mpaka posho ya wapagazi. Nafungua mdomo, picha inaganda. Narudi, sentensi mbili, inaganda. Mara ya nne kiongozi wao akaniandikia, kwa upole kabisa, kwamba watatafuta kampuni nyingine: kama tunapoteana mezani, huko juu itakuwaje? Sikumlaumu. Nililia palepale.

Fundi wa kwanza akapiga Windows upya, 30,000. Wapi! Wa pili akasema kadi imekufa, akaweka nyingine, 45,000. Vilevile. Na hakuna aliyeniuliza inashika vizuri nikiwa wapi, maana nikikaa ubavuni mwa ruta ilikuwa inakimbia, nikivuka ukuta mmoja imekwisha. Wa tatu, kijana mdogo tu wa Kaloleni, ndiye aliuliza hilo. Kisha: "Dada, hii imewahi kufunguliwa?" Nikakumbuka bawaba za kioo zilivunjika, zikatengenezwa miezi miwili kabla. Akaifungua, akanionyesha waya mbili nyembamba za antena, nyeusi na nyeupe, zinazotoka kwenye kadi kupanda mpaka kwenye fremu ya kioo. Nyeusi ilikuwa imekatika penye bawaba. Nyeupe imebanwa, imechubuka. Kadi mpya ingesaidia nini? Akaweka antena nyingine, 15,000. Ile safari sikuipata tena.

Mama Wawili, Moshono
Pole sana mdogo wangu. Hata mimi nimebadilishiwa kadi bila faida yoyote.

Fundi wa Usa River
Mara nyingi lakini ni draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Ingia tovuti ya waliotengeneza laptopu, pakua draiva ya kadi yako, usitegemee ile Windows inayojiwekea.

Kijana wa Ngarenaro
Draiva kila siku draiva! Ingeunganisha waya uliokatika? Anza na simu: iweke palepale ilipo laptopu. Simu ikishika na laptopu ikikata, mgonjwa ni laptopu. Zikikata zote, shughulika na ruta.

Fundi wa Usa River
Nimesema mara nyingi, sijasema zote. Soma kwanza.

Mwalimu wa Pasua
Mimi yangu ilinifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa naomba mkopo wa chuo, siku ya mwisho, hapa Pasua. Mama jirani alinipa nywila yake, ila laptopu ilikuwa inashika nje tu, nikiegemea ukuta wake. Saa 4 usiku nimechuchumaa gizani, vijana wa ulinzi shirikishi wakaona mwanga wa kioo. "Mwizi wa laptopu!" Nilipigwa kibao kabla sijajieleza, nikaburutwa.

Mama Wawili, Moshono
Mungu wangu! Na maombi?

Binti wa Njiro
Usituache hapo kaka.

Mwalimu wa Pasua
Mama alisikia kelele, akatoka na kanga moja, akatufuata mpaka kwa mwenyekiti akisema huyu ni mwanangu. Akanirudisha, akaniketisha sebuleni kwake karibu na ruta. Nilituma saa 5 na dakika 40. Mkopo nikapata. Kila Krismasi nampelekea sukari na mchele.

Mpangaji wa Kijenge
Huyo mama Mungu amtunze. Turudi kwenye waifai: ruta ikitoa majina mawili ya waifai, moja la mawimbi ya gigahezi 2.4 na jingine la 5, chumba cha mbali tumia 2.4. Ya 5 ina kasi ila ukuta unaimaliza.

Mpangaji wa Sombetini
Kwangu kinyume. Nyumba moja tuna ruta 5, zote kwenye 2.4, zinagombana, na jirani akiwasha maikrowevu ndiyo kabisa. Nilihamia 5 nikapona.

Kijana wa Ngarenaro
Asiyeweza kuhama 2.4 abadili chaneli ya ruta, yaani kipande cha mawimbi inachotumia: 1, 6 au 11, hizo haziingiliani.

Mama Wawili, Moshono
Mimi nilinunua kale kadude ka waifai ka kuchomeka kwenye USB, nikaachana na mafundi.

Mkazi wa Sakina
Dada wa Njiro, nimemuuliza kijana wetu wa mafunzo swali la fundi wako, kama laptopu imewahi kufunguliwa. Kioo chake kilibadilishwa Februari. Nimemwambia aiache ruta, kesho asubuhi tunakwenda Kaloleni.