Tupeane uzoefu: kubadili betri ya kompyuta mpakato ya zamani, Kigoma na Tabora

Mwanga_Kigoma: Wakuu, mashine ya miaka sita au saba yenye RAM ya GB 8 na SSD bado inafaa sana kwa kazi za ofisi na masomo. Kinachochoka mapema ni betri. Pima kwanza: kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Ripoti inaonyesha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Betri ya Wh 48 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri) inayojaa Wh 24 tu imebaki nusu, badilisha. Ikiwa ni asilimia 85 na chaji bado inaisha haraka, kagua mwanga wa skrini na programu zinazokula umeme kabla hujatoa hela.

Fundi_Ujiji: Usiagize kwa jina la mashine. Modeli moja huweza kuwa na betri mbili tatu zisizoingiliana. Soma namba iliyo kwenye betri yenyewe, ipige picha, ndipo uitume Kariakoo. Volti ndizo za kuangalia sana. 10.8 na 11.1 zote ni seli tatu zilizounganishwa mfululizo, hazina ugomvi. 14.8 ni seli nne, usiichanganye na hizo. 11.4 ni seli tatu pia, lakini kila seli hujazwa hadi volti 4.35 badala ya 4.2, hivyo isikae mahali pa 11.1 hata kama plagi inaingia. Wh zikizidi kidogo si tatizo. Tazama na tarehe ya kutengenezwa, maana lithiamu huzeeka hata ikikaa dukani bila kuguswa.

Ipuli_Tbr: Naongezea kwa mkuu hapo juu. Chipu ya betri feki inaweza kuandikwa uwezo wowote, kwa hiyo ripoti peke yake haitoshi. Ijaze, chomoa chaja, fanya kazi ya kawaida. Mashine inayokula wati 10 kwa betri ya Wh 48 itakaa saa nne na nusu hivi. Ikizima baada ya saa moja na nusu, irudishe dukani warantii ikiwa hai.

Fundi_Ujiji: Kufungua sasa. Shusha chaji chini ya asilimia 25, zima kabisa (si kulaza), chomoa chaja. Bisibisi ya nyota namba 0 inatosha kwa nyingi, nyingine zinataka Torx T5. Panga skrubu kwenye karatasi kwa kufuata matundu yake. Ndefu ikiingia tundu fupi hutoboa kava au hugusa bodi. Bandua kava kwa kadi ya plastiki. Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa plagi ya betri: shika kichwa cha plagi, usivute nyaya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Betri iliyogundishwa usiichokonoe kwa chuma. Pitisha mshipi wa kuvulia chini yake, usogeze taratibu kama msumeno. Ukiwa ndani, ondoa vumbi kwenye feni. Tabora wakati wa kiangazi hujaa haraka, na joto ndilo linaloua betri mpya.

Kibirizi: Tachipadi ikiinuka au kava likiachia pembeni, betri imevimba. Acha kuchaji siku hiyohiyo. Usiitoboe, na usiitupe kwenye taka zinazochomwa. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba, hadi uikabidhi kwa wanaopokea taka za elektroniki. Anayesafiri kwa ndege na betri ya akiba aibebe mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni Wh 100.

Mwanga_Kigoma: Wapo wanaosema betri mpya ichajiwe saa nane mara ya kwanza; hizo ni habari za betri za nikeli. Hii ya lithiamu ijaze hadi asilimia 100, itumie hadi karibu 10, ijaze tena bila kukatiza, ili kipimo cha asilimia kisome sawa. Kama mashine inashinda kwenye umeme, weka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) au programu ya mtengenezaji.

Ipuli_Tbr: Na ikigoma kuwaka baada ya kufunga?

Fundi_Ujiji: Chomeka chaja kwanza, mkuu. Betri nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa zimelala, huamka zikipata umeme wa chaja. Ikibaki kimya, fungua tena ukague kama plagi imezama hadi mwisho.