Roboti yangu inashtukia kila kitu hadi kivuli, naomba msaada wakuu

mtoto_wa_stoo: Wakuu habari za saa hizi. Natengeneza roboti ndogo ya magurudumu, kazi yake kuzunguka stoo usiku initumie picha ikiona kitu ambacho hakikuwepo, mfano boksi limeachwa njiani au bomba limeanza kumwaga maji. Natumia Raspberry Pi (kale kakompyuta kadogo) na kamera ya kawaida tu. Programu inalinganisha fremu ya sasa na iliyopita, sasa roboti ikisimama iko poa ila ikianza kutembea ni alamu mwanzo mwisho, simu haipumui. Nifanyeje? Bajeti msiulize.

FundiKamera: Hiyo njia ni ya kamera iliyofungwa ukutani mkuu. Yako inatembea kwahiyo hata ukuta unabadilika kila pikseli. Weka YOLO, ile programu ya kutambua vitu kwenye picha, mambo yaishe.

dada_kodi: @FundiKamera sikubaliani. YOLO ya kushusha tu ukatumia mara nyingi imefundishwa kwa COCO, mkusanyiko wa picha wenye aina 80 za vitu, mtu, gari, paka, hadi ndizi imo. Maji sakafuni hayamo, boksi halimo. Na jamaa hataki jina la kitu, anataka kujua kama ni kigeni pale stoo.

MzeeWaNeti: Dada kamaliza. Mbwa wa ulinzi hafundishwi sura za wezi wote, anawazoea wa nyumbani basi, wengine wote anabweka. Watafiti Ulrich Nehmzow na Hugo Vieira Neto pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walifanya hivyohivyo na roboti zao. Usichunguze picha nzima Pi itakufa, tafuta kwanza sehemu zinazovuta macho kwa rangi, mwanga na mwelekeo wa mistari, kata vipande hapo, kila kipande kigeuze kiwe namba halafu uliza kumbukumbu kama inakijua. Kumbukumbu yenyewe tumia GWR (Grow When Required, yaani kua inapohitajika) ya Marsland, Shapiro na Nehmzow, 2002, ni neti, yaani mtandao wa neva bandia, inayoanza na nodi (vituo vya kumbukumbu) mbili tu, ikikutana na kitu kisichofanana na ilivyonavyo inaongeza nodi, na nodi inayoguswa mara kwa mara inapoa taratibu, yaani imeshazoea. Haihitaji kompyuta ya bei mbaya.

mtoto_wa_stoo: Daah asante mzee. Sasa si itazoea na hayo maji yanayovuja?

dada_kodi: Itazoea ndiyo, tena haraka! Ndio maana unatenganisha, mzunguko wa mafunzo stoo ikiwa safi kujifunza kumewashwa, ukianza doria unazima kujifunza, inalinganisha tu. Na usisahau taa, ukiifundisha mchana usiku kila kitu kitakuwa kipya, ifungie taa yake yenyewe na uifundishe usiku huohuo. Vivuli bado vitakusumbua kidogo, sikudanganyi.

FundiKamera: Sawa nimewaelewa, ila mtu akiingia bado YOLO itamtaja faster kuliko hiyo neti yenu.

dada_kodi: Hapo sibishi, neti ikipiga alamu kile kipande kimoja mpe YOLO akipe jina, akishindwa tuma picha hivyohivyo.

mtoto_wa_stoo: Na paka wa stoo je?

MzeeWaNeti: Mpitishe siku ya mafunzo, akiwa amekaa na akiwa anakimbia.