Wakuu, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe, naombeni ushauri

KwareWaTemeke: Habari za jioni. Leo siku ya nne vidole vinajikusanya kwenye gumba kama mtu anayechota chumvi, kiganja kinapinda, na nikijaribu kuvikunjua havikubali. Dakika tano, kumi, vinaachia. Jana nyayo nazo zikakakamaa, nikashindwa hata kumfunga mtoto mgongoni. Kabla haijaanza nasikia ganzi kuzunguka midomo. Duka la dawa wamenipa diclofenac, wapi. Ni neva au uchovu?

FundiKicheko: Mkono umezoea kupokea hela ya matumizi, imekata, sasa unaitafuta wenyewe 😂 Pole lakini.

MzeeMpingo: Maji hunywi. Mimi 1994 nilikuwa beki wa timu ya kata, misuli ikanibana zimebaki dakika mbili, refa akasema najiangusha. Wakatufunga nikiwa chini. Hadi leo nikimkuta yule refa sokoni simpi mkono.

DadaNeema: Mpendwa, kitu kinachokamata mikono na miguu siyo cha kawaida. Jiulize ulipokea nini kwa nani.

TabibuWaKata: Mwacheni kwanza. Ganzi ya midomo na mikono kujikunja hivyo, nawaza kalsiamu au magnesiamu imeshuka kwenye damu. Wengine huwapata wakihema harakaharaka kwa hofu. Una dawa unazotumia, mfano za kukojoza? Una tatizo la figo? Umewahi kupasuliwa shingoni?

KwareWaTemeke: Situmii dawa yoyote. Figo nzima.

TabibuWaKata: La shingo hujajibu.

KwareWaTemeke: Haya. Nilitolewa rovu, wiki ya tatu hii. Lakini kidonda kimekauka vizuri, sioni shingo na nyayo vinahusianaje. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D walinipa, nimeviacha wiki iliyopita maana vilinifungia choo, na jirani anasema vinaleta mawe kwenye figo. Halafu Jumamosi naenda Mbeya kwenye maombi, siku tatu za kufunga, mtumishi hataki mtu wa vidonge. Tiketi nimeshakata.

DadaNeema: Si nilisema!

TabibuWaKata: Nyuma ya tezi la shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Ndivyo vinavyolinda kalsiamu ya damu isishuke. Rovu likitolewa vinaweza kuumia, vikalala wiki kadhaa, vingine visiamke tena. Kalsiamu ikipungua neva zinashtuka ovyo na kukaza misuli bila wewe kutaka. Huko dukani walikupima presha?

KwareWaTemeke: Ndiyo, na ule mpira ulipojaa upepo mkono ukajikunja palepale! Yule dada akasema nimeogopa mashine.

TabibuWaKata: Hiyo inaitwa alama ya Trousseau. Sisi huwa tunaitafuta makusudi, mpira unaachwa umejaa dakika 3. Nenda leo usiku hospitali, sema ulipasuliwa lini na vidonge uliacha lini. Wapime kalsiamu, ikiwa chini watakuwekea ya mshipani polepole. Hali hii ikishika koo, pumzi inabana, na mtu anaweza kuanguka degedege. Choo kigumu kina dawa yake, ungewaambia tu.

MnywaChai: Subirini. Mwezi wa tatu akaunti hii ilifungua uzi wa kufuga kware, "mimi baba wa watoto wawili". Leo baba anabeba mtoto mgongoni? Hii chai, tena haina sukari.

FundiKicheko: Na rovu limeota kati ya kware na leo 😂

KwareWaTemeke: Akaunti ya mume wangu, simu tunatumia wote. Na kware walikufa, asante kwa kunikumbusha.

MzeeMpingo: Kware walitumaliza wengi. Mimi nilibaki na trei kumi za mayai, mnunuzi hakuna, tukala mpaka watoto wakagoma.

MnywaChai: Tupia picha ya kadi ya hospitali basi.

TabibuWaKata: Kama ni chai, nimepoteza dakika zangu kumi. Kama siyo chai, anapoteza koo. Dada, umeshaondoka?

KwareWaTemeke: Nipo mapokezi. Nesi kanivalisha ule mpira mkononi, mkono umejikunja, kaenda kumwita daktari mbio. Naandika kwa mkono wa kushoto. Kuna anayekwenda Mbeya Jumamosi? Siti ya dirishani, nauza kwa bei niliyokatia.

MnywaChai: Kumbe uzi wote ulikuwa tangazo la tiketi!

MzeeMpingo: Basi gani, na linaondoka saa ngapi?